Nimeacha vidonge vyote kwa ajili ya hiyo polisobeti 80, nimefanya sawa?

SWALI

Dada mfamasia, habari za kazi. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo leo kwa hiyo nivumilie ikiwa ndefu. Nina miaka 32, nimeolewa, na mwaka huu mimi na mume wangu tumeamua kutafuta mtoto. Nikaanza kujiandaa kama wanavyoshauri: foliki asidi ya mikrogramu 400 aliyoniandikia nesi, matone ya multivitamini ambayo napima mililita 1 kwa siku, kapsuli za nywele na ngozi, na kapsuli za manjano zile zilizoandikwa "inanyonywa haraka zaidi", hizo nilianza kwa ajili ya magoti yanauma. Asubuhi nakunywa sheki ya unga wa protini maana mi asubuhi kupika siwezi.

Sasa wifi yangu kanitumia video, jamaa kavaa koti jeupe anasema kwenye saplimenti wanaweka emalsifaya za kutengenezwa kiwandani, akazitaja polisobeti 80 na kaboksimethili selulosi, eti zinatoboa utumbo, zinaleta ugumba kwa wanawake na kuna watoto wachanga zilishawaua. Nikaenda kusoma lebo, kweli bwana, polisobeti 80 ipo kwenye matone na kwenye manjano, hiyo selulosi ipo kwenye unga, na foliki ina magnesiamu stiareti ambayo naye aliitaja. Nikaacha vyote siku hiyohiyo. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa, kwamba ingekuwa sumu isingeuzwa, mi nikamwambia sigara je haziuzwi? Tumenuniana.

Naomba kujua, je ni kweli ugumba? Nihamie zile zilizoandikwa "asili"? Halafu tumbo langu linajaa gesi toka nianze haya mambo, si ndo huko kutoboka kwenyewe? Na mdogo wangu ana ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba muda mrefu, yeye nimwambieje, maana nilishamtumia ile video. Ah, nilisahau, vitamini A kwenye matone ni mikrogramu 1,500 na kwenye zile za nywele ni 2,400, zote imeandikwa retino, sijui kama inahusu.

Mwenye wasiwasi

JIBU

Mdogo wangu, kabla hujaendelea kusoma inuka ukameze foliki yako. Sitanii. Mfupa wa mgongo wa mtoto na ubongo, ile mirija yake ya mwanzo kabisa, inajifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge, yaani wakati ambao wengi hata hawajajua kama wana mimba, ndo maana wanataka uanze kuimeza kabla na uendelee mpaka wiki ya 12. Umeacha kitu chenye ushahidi mkubwa kuliko vyote ulivyonitajia kwa sababu ya magnesiamu stiareti, ambayo hata emalsifaya (kitu cha kushikanisha maji na mafuta) siyo, ni kilainishi tu cha kufanya unga usigande kwenye mashine ya kugonga vidonge, na ni mafuta ya kawaida yakiwa yameungana na magnesiamu. Hiyo tuifute kwenye kesi.

Haya, polisobeti 80. Kwenye baadhi ya lebo utaikuta imeandikwa E433, ni kitu hichohicho. Wanaitengeneza kwa kuunganisha sorbito, asidi ya oleiki (hiyo hiyo iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni) na ethilini oksidi. Kazi yake ni kwamba upande mmoja inashikana na maji na upande mwingine inashikana na mafuta, na vitamini A, D na E ni za mafuta, kwa hiyo bila kitu cha namna hiyo matone yako yangejitenga, mafuta juu maji chini, siku moja unapata dozi ya wiki nzima na siku nyingine hupati kitu. Ukiimeza, vimeng'enya vya tumboni vinaikata, ile oleiki inaliwa kama mafuta mengine na sehemu kubwa ya kilichobaki inatoka na choo. Haizunguki mwilini kama huyo jamaa anavyochora.

Ugumba sasa. Najua ilipotokea hiyo. Kuna utafiti wa 1993 ambapo watoto wa panya wa kike walidungwa sindano ya polisobeti 80 tumboni, wakiwa na umri wa siku 4 mpaka 7, na walipokua mayai na mji wa mimba vikawa na matatizo. Utafiti upo, sikatai, ila angalia ni nini kilifanyika: sindano, siyo kumeza, tena kwa kichanga cha panya wa siku chache ambaye viungo vyake vya uzazi ndo vinajijenga. Kutoka hapo kuruka mpaka kwa mwanamke wa miaka 32 anayemeza mililita 1 ya matone ni safari ndefu sana na hakuna aliyeonyesha njia yake. EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilipitia upya polisobeti zote mwaka 2015 ikaweka kiwango cha miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Tufanye una kilo 60, hiyo ni miligramu 1,500. Na hata tukikisia kwa ubaya, tuseme sehemu ya kumi ya matone yako yote ni polisobeti tupu, inakuwa miligramu 100 hivi. Kwa hiyo kwa upande wa ugumba lala usingizi.

Watoto kufa, hilo nalo ni kweli na linauma, ila yule jamaa wa video kalikata katikati. Marekani, 1983 na 1984, kulikuwa na dawa ya vitamini E inaitwa E-Ferol, walikuwa wanaipitisha kwenye mshipa wa damu kwa watoto njiti, ikiwa na polisobeti 80 na 20 kwa wingi, na vifo 38 vilihusishwa nayo kabla haijaondolewa. Mtoto ambaye hajafikisha hata kilo mbili, ini halijakomaa, kitu kinaingia moja kwa moja kwenye damu bila kupita tumboni. Mtu akikusimulia hiyo bila kusema neno mshipa, ujue anataka uogope tu, hana nia ya kukuelewesha.

Ila sitaki nimbebe mume wako pia, maana na yeye kakosea. Eti ingekuwa mbaya isingeuzwa. Marekani, ambako saplimenti nyingi zinatoka, tangu sheria ya 1994 muuzaji halazimiki kuomba kibali cha kwamba bidhaa yake ni salama na inafanya kazi kabla ya kuiuza, ni mpaka madhara yaonekane ndo FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, waanze kumfuata. Ndo maana ukikuta kopo la virutubisho limeandikwa limeidhinishwa na FDA huyo anakudanganya mchana kweupe, FDA haiidhinishi virutubisho. Na wakubwa wenyewe huwa wanabadili mawazo, ile rangi nyeupe ya titani (E171) ilikaa kwenye vidonge miaka na miaka, EFSA wakasema 2021 hawawezi tena kuiita salama, mwaka uliofuata Ulaya ikaipiga marufuku kwenye chakula na kwenye virutubisho. Kwa hiyo hoja yako ya sigara nimeipenda, mwambie.

Na kwenye utumbo hapo mi mwenyewe siwezi kukwambia kesi imefungwa. Mwaka 2015 watafiti waliwapa panya maji yenye asilimia 1 ya polisobeti 80 au ya hiyo kaboksimethili selulosi (E466) kwa wiki 12, panya wakanenepa, utumbo ukapata uvimbe wa chinichini, na bakteria wakasogea karibu na ukuta wa utumbo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu ule ute unaowazuia ulipungua. Panya waliofugwa bila bakteria kabisa hawakupata kitu, maana yake tatizo linapitia kwa hao bakteria. Sasa watu wanapenda kusema aah dozi ilikuwa kubwa mno. Ilikuwa kubwa ndiyo, lakini ukipiga hesabu ya kubadili dozi ya panya kwenda kwa binadamu kama inavyopigwa kwenye dawa, unagawanya kwa 12 hivi, ile asilimia 1 inaangukia kama gramu 8 kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Na polisobeti ya asilimia 0.1 nayo ilionyesha dalili kidogo, ambayo ni chini ya gramu moja, yaani chini ya kile kiwango cha EFSA nilichokupa hapo juu. Hicho ndo kinanifanya nisiwacheke wanaohoji. Matone yako bado yako mbali na hapo, ila ukijumlisha na mkate wa kiwandani na aiskrimu na sosi na kila kitu cha pakiti, mtu anaweza kujikuta anakula emalsifaya nyingi bila habari.

Kwa watu wapo waliojaribu, 2022, watu wazima 16 wenye afya walikaa kwenye chakula cha kupimiwa siku 11, wengine wakapewa gramu 15 za E466 kila siku. Waliopewa walipata tumbo kusumbua baada ya kula, bakteria wao wakabadilika, na wawili kati yao bakteria walionekana wameusogelea ukuta wa utumbo kama wale panya. Gramu 15 ni nyingi, hakuna kidonge kina hiyo, kidonge chote na makorokoro yake kinaweza kuwa na gramu moja tu. Lakini unga wa sheki, kijiko chake kimoja ni gramu 30 au zaidi, humo ndo pana nafasi ya kuweka vinenezi vya kutosha. Ndo maana mi kati ya makopo yako kwa upande wa emalsifaya ninaloliangalia kwa jicho baya ni hilo la unga, siyo matone. Ufaransa nao wamefuatilia watu zaidi ya 95,000 wakaona wanaokula baadhi ya emalsifaya kwa wingi wanaumwa moyo zaidi kidogo, kisha 2024 wakaona hivyohivyo kwenye kisukari, ila huo ni utafiti wa kuangalia watu wanavyokula, na anayekula sana vya pakiti ana mambo mengine mengi maishani, kwa hiyo haukuambii kwamba emalsifaya ndo imemuumiza.

Na humohumo kwenye matokeo ya Ufaransa ndo pana jibu la swali lako la "asili". Kati ya zilizotajwa kwenye kisukari kuna karajinani (E407), inatoka kwenye mwani wa baharini, na gamu arabiki (E414), utomvu wa mti. Asili tupu hizo. Lesithini ya soya nayo wanaipamba sana kwenye kopo, ni nzuri, ila mwenye mzio wa soya aiangalie. Neno asili kwenye lebo mi huwa nalipita kama sijaliona. Usilipe zaidi kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye kitu ambacho umekiandika mwishoni eti sijui kama inahusu. Inahusu kuliko video nzima. Emalsifaya ni kuli, kazi yake kubeba mzigo uvuke mlango wa utumbo, na wewe umekaa unamkagua kuli, mzigo hujauangalia. Mikrogramu 1,500 za retino kwenye matone, jumlisha 2,400 za kwenye kapsuli za nywele, ni 3,900, na kikomo cha mwanamke mtu mzima ni 3,000 kwa siku kutoka saplimenti na chakula kwa pamoja. Vitamini A ya aina ya retino ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kuharibu uumbaji wa mtoto, kichwa, moyo, hilo siyo la kwenye video, limeandikwa kwenye vitabu vyetu vyote. Halafu sikia, mwaka 2003 kuna waliokusanya taarifa za watu waliodhurika kwa kuzidisha vitamini A ulimwenguni wakakuta retino iliyochanganywa na emalsifaya au ya kuyeyuka kwenye maji inaleta sumu kwa dozi ndogo karibu mara 10 kuliko ile iliyo kwenye mafuta tu. Kwa hiyo ndiyo, emalsifaya ina mchango hapo, lakini siyo kwa njia aliyosema yule bwana. Kapsuli za nywele ulivyoziacha ziache hivyohivyo, usizirudie mpaka umalize habari za mimba na kunyonyesha. Matone usiyarudie kwanza, mwonyeshe daktari au mkunga, mara nyingi watakubadilishia multivitamini ya wajawazito ambayo vitamini A yake ni beta karotini au ni retino kidogo. Vitamini D kama ulipimwa ukakutwa iko chini, waambie wakupe peke yake.

Manjano ni hadithi hiyohiyo. Kile cha kwenye manjano kinachoitwa kurkumini mwili haukipendi, ukila kama kiungo karibu chote kinapita tu. Wakakifunga na polisobeti 80, na kwenye jaribio moja la 2014 la watu 23 kiwango kilichoingia kwenye damu kikapanda mara 185 kuliko unga wa kawaida. 185 mdogo wangu! Halafu muuzaji anakwambia ni salama kwa sababu watu wanakula manjano miaka elfu. Hawajawahi kuila hivyo. Italia 2019 walipata wagonjwa kadhaa wa homa ya ini waliokuwa wanatumia saplimenti za manjano, na kiwango cha kurkumini kinachokubalika ni miligramu 3 kwa kilo, kwako ni 180 hivi kwa siku, angalia kopo lako limeandika ngapi. Kwa mtu anayetafuta mimba mi naacha, magoti yatafutiwe dawa nyingine. Na kama ulipokuwa unatumia uliona mkojo umekuwa mweusi kama chai, macho ya njano au kuwashwa mwili mzima bila vipele, nenda kapime ini, usisubiri.

Gesi. Utumbo haujatoboka, aliyetoboka utumbo hakai kuniandikia barua ndefu hivi. Geuza kopo la unga usome, ukiona sorbito, maltito au zailito hizo ndo watengeneza gesi wakuu, na kama protini yenyewe ni ya maziwa na wewe laktosi hukubaliani nayo basi umepata mchawi. Sheki kaa bila hiyo wiki mbili, vingine usibadili tena, uone. Ukibadili vitano kwa mpigo kama ulivyofanya hutajua ni kipi kilikuwa kinakusumbua.

Kuna watu wachache kweli wana mzio wa polisobeti au wa ndugu yake makrogo, hawa wanavimba midomo, wanatoka vipele, wanakosa pumzi, na cha ajabu inawatokea kwa dawa mbili tatu ambazo hazihusiani kabisa, mpaka mtu aje agundue kinachofanana ni hicho cha kuchanganyia. Kama ni wewe, hiyo ni safari ya hospitali na ya kuandikwa kwenye faili lako. Sioni dalili hiyo kwenye barua.

Mdogo wako wa Crohn, hapo nakubali wasiwasi una msingi zaidi. Uingereza wamefanya jaribio, wagonjwa wa Crohn 150 na kitu, wote wakawekwa kwenye mlo maalumu kwa wiki 8, wengine wakirudishiwa emalsifaya na wengine hawakurudishiwa, na waliokaa bila emalsifaya karibu nusu yao walipata nafuu, wale wengine ni kama theluthi. Siyo muujiza lakini ni kitu. Kwa hiyo yeye aongee na daktari wake wa tumbo na mtu wa lishe kuhusu kupunguza, na waangalie chakula kwanza maana huko ndo zimejaa. Kitu ambacho sitaki asikie kutoka kwako ni kwamba aache vidonge vyake, wenye Crohn wanapungukiwa chuma, B12 na vitamini D kirahisi mno, na dawa yake ya kuzuia uvimbe akiikatisha kwa sababu ya kilichomo kwenye ganda la kidonge atakiona cha moto. Mpigie, usimtumie meseji, kwa kuwa ile video anayo tayari na anaweza kuwa ameshaanza kuacha.

Ukienda kliniki beba makopo yenyewe yote matano, hata hayo uliyoacha, picha ya mbele haisaidii, wao wanataka kusoma kule nyuma kwenye maandishi madogo.